Uzi: Kulipa ada ya chuo huku familia inakutegemea (hesabu, barua, mikopo na pale watu wanapokwama)

#1 Kalamu ya Risasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa mwanafunzi ambaye kila pesa inayoingia mkononi mwake ina wenyewe wawili, chuo na nyumbani. Pole ameshapewa za kutosha. Hapa tumpe hesabu na hatua.

Naanza na ninaloliona kuwa chanzo cha matatizo mengi: mara nyingi mwanafunzi hashindwi na jumla ya mwaka, anashindwa na tarehe. Ada inadaiwa wiki ya kwanza ya muhula, ufadhili unaingia mwezi wa tatu, na nyumbani kodi inaisha hapo katikati. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na wafadhili, kaa na karatasi moja.

Omba ofisi ya fedha mchanganuo wa ada wa miaka yote ya programu, sio wa mwaka huu tu. Usiishie kwenye mstari wa ada ya masomo. Chini yake huwa kuna usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya, maabara, umoja wa wanafunzi. Mbele zaidi kuna mafunzo kwa vitendo, gharama za utafiti, kuchapa na kujalidi ripoti, kisha mahafali. Hivi vya mwaka wa mwisho ndivyo vinavyowakuta watu mikono mitupu, maana mwaka wa kwanza hakuna anayeviulizia. Halafu ongeza nauli, makazi, chakula na vitabu.

Sasa chora safu nne: mwezi, kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Iwe miezi 12, sio miezi ya masomo tu. Chuo hufunga, nyumbani hawafungi kula.

Mfano, kwa pesa ya nchi yoyote ile. Ada na michango yote ni 1,200 kwa mwaka. Kipato ni 200 kwa mwezi, nyumbani zinakwenda 80, matumizi yako 70, zinabaki 50. Kwa mwaka hizo ni 600. Kuna ufadhili wa 400 unaoingia mwezi wa 3. Jumla 1,000, pengo 200. Ukianza kuweka hiyo 50 miezi minne kabla chuo hakijafunguliwa, 200 imepatikana na pengo limezibika. Kisha uombe kulipa kwa awamu nne: 250 mwezi wa 1, 350 mwezi wa 4, 300 mwezi wa 7 na 300 mwezi wa 10. Mwaka umeisha bila mkopo.

Karibuni muongeze.

#2 Mama Daftari

Mkuu, msingi ni mzuri ila awamu yako ya mwisho haitoki. Tuifuate mwezi kwa mwezi.

Anaanza na akiba ya 200. Mwezi wa 1 anaongeza 50, analipa 250, anabaki na sifuri. Mwezi wa 2 ana 50. Mwezi wa 3 ana 100, ufadhili unaingia, zinakuwa 500. Mwezi wa 4 zinafika 550, analipa 350, zinabaki 200. Mwezi wa 7 zimefika 350, analipa 300, zinabaki 50. Mwezi wa 10 ana 200 tu, na anadaiwa 300.

Pungufu ni 100, na hiyo 100 atakuwa nayo mwezi wa 12. Jumla ya mwaka imekaa sawasawa, lakini kama mitihani ni mwezi wa 10 na chuo kinataka ada iwe imeisha kabla ya mtihani, mwanafunzi anazuiwa mlangoni. Hii ndiyo tarehe uliyoisema mwenyewe hapo juu, mkuu, na imejificha hata ndani ya mfano wako.

Faida ya kuiona mapema ni kwamba una miezi tisa ya kuishughulikia. Angeanza akiba miezi sita kabla badala ya minne, ile 100 ingekuwepo. Au aende ofisi ya fedha mwezi wa 2 aombe awamu ya mwisho ikatwe: 200 mwezi wa 10, 50 mwezi wa 11, 50 mwezi wa 12. Mtu anayekuja miezi minane kabla akisema "nitapungukiwa 100 mwezi wa 10, nitazimaliza mwezi wa 12, hii hapa hesabu yangu" anasikilizwa tofauti na anayekuja asubuhi ya mtihani akisema hana ada.

#3 Kalamu ya Risasi

Dada, umenisahihisha vizuri, nashukuru. Anayesoma uzi huu afuate ratiba ya #2. Na kila mtu aongeze safu ya tano kwenye karatasi yake: tarehe za kuzuiliwa, yaani mwisho wa usajili, mwisho wa kuongeza au kuacha somo, siku ya kutoa vibali vya mtihani.

#4 Karani wa Zamani

Nizungumzie barua, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza nafasi wakiwa na haki kabisa.

Barua ya kuomba kulipa kwa awamu au kuomba msaada wa dharura iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa: jina kama lilivyo kwenye usajili, namba ya usajili, programu, mwaka wa masomo. Aya ya kwanza iseme unaomba nini kwa tarakimu: "Naomba kulipa 300 zilizobaki kwa awamu tatu", pamoja na tarehe za awamu hizo. Aya ya pili ieleze kilichobadilika na lini kilibadilika. Neno "lini" ni zito kuliko watu wanavyodhani. Anayesoma barua anatafuta tofauti kati ya hali uliyoingia nayo chuoni na hali ya sasa. "Familia yetu ni maskini" haimwonyeshi tofauti. "Baba aliachishwa kazi tarehe fulani, barua ya mwajiri nimeiambatisha kama kiambatisho A" inamwonyesha. Aya ya tatu: umeshalipa kiasi gani, unadaiwa kiasi gani, utazitoa wapi zilizobaki.

Viambatisho vipewe herufi na vitajwe ndani ya barua. Barua ya kuachishwa kazi, cheti cha kifo, karatasi za hospitali zenye tarehe, uthibitisho wa kipato cha mzazi, vyeti vya kuzaliwa vya wadogo unaowalea. Toa nakala, usitoe vyeti halisi.

Kosa moja linarudisha barua nyingi sana: majina kutofanana. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, cheti cha kifo cha mzazi kimeandikwa jina la nyumbani. Karani hana mamlaka ya kuamua kwamba hao ni mtu mmoja, hivyo faili linakaa. Tengeneza hati ya kiapo cha majina mapema, kabla hujaihitaji.

Peleka nakala mbili. Moja wapokee, nyingine wakugongee mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, ubaki nayo. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi jibu la kupokelewa. Siku saba zikipita kimya, nenda na nakala yenye mhuri, uulize faili liko meza gani. Usiandike barua mpya. Barua mpya inafungua faili jipya na kukurudisha mwisho wa foleni.

#5 Njia Nne

Mzee wangu, shikamoo. Je, barua ikikataliwa? Na mtu akiahidi tarehe halafu ikampita?

#6 Karani wa Zamani

Marahaba. Ikikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwa adabu. Mara nyingi ni moja kati ya tatu: umechelewa, kielelezo kimekosekana, au fungu limeisha. La kwanza na la pili linarekebishika kwa rufaa. La tatu, uliza fungu linalofuata linafunguliwa lini na ofisi ipi nyingine ina fungu lake. Vyuo vingi fedha za msaada hazikai mahali pamoja: ofisi ya mshauri wa wanafunzi inaweza kuwa na mfuko wa dharura, kitivo kina wake, umoja wa wahitimu wa zamani una wake, na taasisi za dini chuoni wakati mwingine nazo zina wao.

Tarehe ikikaribia na unaona haitafikika, andika kabla haijapita, lipa kidogo ulichonacho, na utaje tarehe mpya moja. Malipo ya 40 kwenye deni la 100 yana uzito mkubwa kwenye faili. Ahadi mbili zilizopita kimya zinafunga mlango kwa muhula mzima. Kwa hiyo usiahidi tarehe ya kumfurahisha mhasibu. Ahidi tarehe ambayo karatasi yako ya miezi 12 inakuonyesha pesa ipo.

#7 Mama Daftari

Upande wa nyumbani, ambao wengi wanaona aibu kuuzungumza.

Kinachoharibu sio kusaidia. Kinachoharibu ni kusaidia kwa kuitwa. Leo dawa, kesho umeme, keshokutwa mchango wa shule wa mdogo, kila moja ndogo, na mwisho wa mwezi zile 80 zimekuwa 130. Badili iwe kiasi kimoja, siku moja ya mwezi, na kazi yake ijulikane. Pia ada ya kutuma pesa huwa inakwenda kwa viwango, hivyo kutuma 20 mara nne kwa kawaida kunakula zaidi kuliko kutuma 80 mara moja.

Namna ya kupata hicho kiasi: orodhesha vinavyosimamisha maisha visipolipwa. Kodi, chakula, dawa za kila siku, nauli ya mtoto kwenda shule. Mbele ya kila kimoja andika nani mwingine anaweza kukibeba, hata nusu. Kaka anayepata kibarua anabeba umeme, shangazi anabeba nauli. Kile kisicho na mtu ndicho chako. Na ukiweza, lipa chenyewe moja kwa moja: kodi kwa mwenye nyumba, dawa kwa duka la dawa. Pesa taslimu kwenye nyumba yenye shida itaenda kwenye shida iliyopiga hodi kwanza, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Tenga fungu dogo la dharura, na neno dharura mlikubaliane wakati hakuna dharura. Ugonjwa wa ghafla, msiba, kutolewa kwenye nyumba. Mengine yanasubiri siku ya mwezi. Taja mtu mmoja nyumbani ambaye maombi yote yanapitia kwake, maana watu watano wakikupigia kila mmoja anadhani yeye ndiye peke yake.

Waonyeshe karatasi. Mzazi akiona tarehe ya mtihani na ile 100 inayopungua, anaanza kulinda ada pamoja na wewe. Ukificha ada nyumbani, wao watadhani unazo. Ukificha hali ya nyumbani kule chuoni, chuo kitadhani ni uzembe.

Jambo lingine linalosahaulika: wakati mwingine njia rahisi ya kupata ada ni kupunguza bili ya nyumbani badala ya kutafuta mfadhili. Hospitali nyingi zina utaratibu wa msamaha au wa kulipa polepole kwa asiyeweza, na huombwa kupitia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Ukisubiri deni liandikwe ndipo uombe, unahangaika maradufu. Shule ya mdogo inaweza kukubali awamu. Mwenye nyumba anaweza kukubali kodi ya mwezi mmoja mmoja. Kila 10 unayoiokoa hapo kwa mwezi ni 120 kwa mwaka, yaani asilimia 10 ya ada ya mfano wetu.

#8 Hesabu Kwanza

Mikopo. Nawaomba msome hapa taratibu.

Kuna riba inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, na kuna riba inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili inaonekana ndogo na sio ndogo. Umekopa 1,000 kwa "asilimia 20", unarudisha 100 kila mwezi kwa miezi 12, jumla 1,200. Lakini ile 1,000 hukukaa nayo mwaka mzima. Mwezi wa sita umesharudisha karibu nusu, na bado unatozwa kana kwamba unayo yote. Ukiihesabu kwa deni lililobaki, riba halisi ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkopeshaji ni: riba inatozwa juu ya salio au juu ya mkopo wote? Na ya pili: nitapokea mkononi kiasi gani? Kama wanakata ada ya fomu na bima, unalipia riba pesa ambayo hukuishika.

Mikopo ya siku 30 ya kwenye simu, na ile ya mitaani ambayo watu wanaiita kausha damu, ni habari nyingine kabisa. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika nyepesi. Deni la 100 likiachwa lizae riba juu ya riba miezi 12, linakuwa karibu 314. Mkopo wa namna hiyo kwa ada ni hatari kwa sababu ada hairudishi pesa ndani ya siku 30. Kama lazima, uwe wa kuziba siku chache hadi pesa ambayo tayari imethibitishwa kwa maandishi, na uulipe siku hiyo hiyo ikiingia.

Mkopo rasmi wa wanafunzi kwa kawaida una masharti bora, ila soma lini riba inaanza kuhesabiwa. Kwenye baadhi ya mikopo inaanza siku unapopokea pesa, hata kama marejesho yanaanza baada ya kuhitimu. Mkopo wa 1,000 kwa asilimia 6, miaka minne ya masomo, unazaa 240. Ukihitimu, hiyo 240 inaweza kuunganishwa na deni, na kuanzia hapo unatozwa riba juu ya 1,240. Kama masharti yanaruhusu kulipa riba ukiwa masomoni, ni 5 tu kwa mwezi, na deni linabaki 1,000. Nyumbani kukiwa na njaa, usiilipe. Ila ujue unachokiahirisha.

Na tafadhali, usiweke nyumba ya familia dhamana kwa ajili ya ada. Muhula ukikwama unaweza kuurudia.

#9 Njia Nne

Wakuu, vipi kuhusu kuahirisha mwaka ili mtu afanye kazi kwanza?

#10 Karani wa Zamani

Kuahirisha ni njia halali, ila kuna kuahirisha na kuna kutoweka. Anayetoweka anaendelea kudaiwa ada ya muhula, masomo yanaandikwa ameshindwa, na akirudi anakuta deni na alama mbaya pamoja. Anayeahirisha kwa barua ndani ya tarehe anasimamisha vyote viwili. Vyuo vingi vina kiwango cha kurudishiwa kinachopungua kadiri wiki zinavyokwenda: wiki za mwanzo unarudishiwa sehemu kubwa, baada ya tarehe fulani hurudishiwi kitu.

Kabla hujasaini, pata majibu ya maandishi kwa haya. Nikirudi nitalipa ada ya sasa au ya wakati huo? Ufadhili wangu unanisubiri au unapewa mwingine? Mkopo wangu utahesabu kwamba nimeacha masomo na kuanza kunidai? Programu inatakiwa kumalizika ndani ya miaka mingapi, na mwaka huu unahesabiwa?

Kupunguza masomo nako ni vivyo hivyo. Ni nafuu pale tu ada inapotozwa kwa somo. Ikiwa ada ni ya muhula mzima bila kujali idadi, umepunguza masomo na hujapunguza pesa. Na ufadhili mwingi unataka idadi ya chini ya masomo kwa muhula. Ukishuka chini yake, unakatwa.

#11 Hesabu Kwanza

Niongezee saa, kwa wanaofanya kazi. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 7 ni 49. Vipindi 20, kujisomea saa mbili kwa kila kipindi ni 40. Hapo ni 109, zimebaki 59. Nauli na foleni 10, kupika, kufua na kula 14, zimebaki 35. Anayeuguza mtu au kulea wadogo, toa 15. Zimebaki 20. Kazi ya saa 30 kwa mtu huyu lazima ile usingizi au kujisomea, na somo likianguka unalilipia tena. Linganisha mshahara wa hizo saa 10 za ziada na gharama ya kurudia somo moja kabla ya kukubali zamu.

#12 Mwenge wa Usiku

Kwa kifupi, kwenye malipo: lipa kwenye akaunti rasmi ya chuo tu, jina na namba ya usajili vikae kwenye maelezo ya malipo, na ukague siku tatu baadaye kama imeonekana kwenye mfumo. Benki kuthibitisha na mfumo wa chuo kuthibitisha ni vitu viwili. Risiti zote zipige picha. Na ufadhili wowote unaokutaka utoe pesa kwanza ili upewe pesa, achana nao.

#13 Njia Nne

Swali la mwisho wakuu. Mwanafunzi analea wadogo wawili, mzazi yupo hai lakini hana kipato na hana karatasi yoyote ya kuthibitisha, hakuwahi kuajiriwa. Fomu inadai uthibitisho wa kipato cha mzazi. Anaweka nini?

#14 Karani wa Zamani

Asiache nafasi wazi, na asiandike sifuri peke yake. Nafasi wazi inasomeka kama fomu haijakamilika, na sifuri bila maelezo inazua swali la familia inakula nini. Aambatishe vitu vitatu. Barua ya uongozi wa eneo analoishi mzazi, ikitaja kwa majina walio kwenye kaya na kwamba mzazi hana ajira. Kiapo cha mzazi mwenyewe kikieleza anaishi kwa nini: vibarua, msaada wa ndugu, kilimo cha kujikimu, na makadirio kwa mwezi. Na ukurasa mmoja wa mwanafunzi wenye bajeti ya kaya: kinachoingia, nani anakileta, kinakwenda wapi, pamoja na miamala ya simu ya miezi sita inayoonyesha pesa anazotuma nyumbani. Hiyo miamala ndiyo inayokubeba, kwa hiyo tuma kwa simu au benki kila mwezi, usimpe mtu mkononi.

Vyeti vya kuzaliwa vya wadogo na barua za shule zao vifuate nyuma. Kama barua ya uongozi wa eneo haina tarehe na mhuri, irudishwe ikagongwe kabla ya kupeleka fomu.